Mafunzo ya usawa wa kiafya na siku ya afya ya jamii: tathmini ya mshiriki

Huduma ninayoitathmini hapa ni mpango wa mafunzo na matukio ya jamii unaoendeshwa na asasi moja isiyo ya kiserikali, kwa lengo la kupunguza tofauti za kiafya zinazoweza kuepukika baina ya makundi ya watu. Mpango una sehemu tatu: moduli za kujisomea kwa intaneti, warsha ya ana kwa ana, na siku ya afya ya jamii ambayo wahitimu wa warsha hushirikishwa kuiandaa. Nimezipitia zote tatu nikiwa mshiriki wa kawaida, bila cheo wala mwaliko maalumu. Sitaitaja asasi yenyewe kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Nimeziona, kwa sura zinazofanana sana, katika shughuli nyingi za aina hii. Kwa maoni yangu, warsha inastahili sifa kubwa, moduli za intaneti zinatosheleza, na siku ya afya, inayotangazwa kwa mbwembwe kuliko sehemu nyingine zote, ndiyo inayolitumikia lengo la usawa kwa kiwango kidogo zaidi.

Ni haki kueleza kwanza kipimo ninachokitumia. Margaret Whitehead, mtaalamu wa afya ya umma wa Uingereza, alifafanua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba tofauti ya afya huwa dhuluma pale inapokuwa haina ulazima, inaweza kuepukika na haina uadilifu. Kijana kuwa na nguvu kuliko mzee si dhuluma. Mtoto kufa kwa ugonjwa wenye chanjo kwa sababu ya umaskini wa mama yake, au mwenye ulemavu kukosa kipimo kwa sababu mlango wa kliniki ni mwembamba, hiyo ni dhuluma. Kwa hiyo shughuli inayojiita ya usawa wa kiafya haiwezi kupimwa kwa wingi wa waliohudhuria. Ikivutia umati wa watu ambao tayari wana bima, wana daktari na wana muda wa kutoka nyumbani, itaboresha afya ya hao na huenda ikalipanua pengo lile lile iliyokusudia kuliziba. Swali la kuuliza ni nani hakufika, kwa nini hakufika, na ni nini kilichobadilika kwake.

Moduli za intaneti hazihitaji maneno mengi. Zinafunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye mtandao dhaifu, kila somo lina maandishi na sauti, na mshiriki anaweza kupakua vitini akavisoma bila intaneti, jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau ilhali somo lenyewe linahusu watu waliosahauliwa. Maudhui ni ya msingi na yamepangwa vizuri: Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, lililoitambua huduma ya msingi ya afya kuwa njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Tume ya Visababishi vya Kijamii vya Afya, iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 chini ya uenyekiti wa Michael Marmot na kutoa ripoti yake mwaka 2008, na maelezo ya namna kipato, elimu, makazi, maji, kazi na ubaguzi vinavyochangia kuamua nani ataugua na nani atapona. Udhaifu uko katika majaribio ya mwisho wa kila somo, ambayo hupima kumbukumbu tu. Kujua mwaka wa ripoti hakumsaidii mhudumu wa afya ya jamii kuamua abishe hodi kwenye mlango upi kwanza anapotoka asubuhi. Swali moja linalomtaka mshiriki achague, kwa muda na vifaa vichache alivyo navyo, kaya zipi zitangulie na kwa sababu gani, lingefundisha kuliko mlolongo mzima wa maswali ya tarehe.

Warsha ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Wawezeshaji waliianza bila hotuba ndefu, kwa jedwali moja la eneo la kubuni ambako asilimia 80 ya watoto walikuwa wamechanjwa. Tuliulizwa kama hali hiyo inaridhisha, na wengi wetu tukasema inaridhisha kiasi. Ndipo tukapewa jedwali la pili lenye takwimu zile zile, safari hii zikiwa zimechambuliwa kwa elimu ya mama, umbali wa makazi kutoka zahanati na hali ya ulemavu wa mlezi. Ikaonekana kwamba karibu wote waliokosa chanjo walikuwa wamejikusanya katika kundi moja dogo: watoto wa mama wasiosoma wanaoishi mbali. Zoezi hilo lilikuwa fupi lakini lilipanda akilini, maana lilionyesha kwa vitendo jinsi wastani mzuri unavyoweza kuficha hali mbaya, na kwa nini mtu anayetaka kuzungumzia usawa hana budi kwanza kudai takwimu zilizotenganishwa. Nilipenda pia kwamba wawezeshaji hawakutumia ile picha maarufu ya watoto watatu waliosimama juu ya masanduku wakichungulia mchezo, inayotumiwa kueleza tofauti kati ya kugawa sawasawa na kugawa kwa haki. Imerudiwa mno hata imekuwa pambo, na kila anayeiona hutikisa kichwa kukubali bila kulazimika kufikiri.

Kutoka hapo tulipelekwa kwa Julian Tudor Hart, daktari wa familia aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg, huko Wales. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la Lancet kwamba upatikanaji wa huduma nzuri za tiba huelekea kwenda kinyume na mahitaji ya watu: penye wagonjwa wengi zaidi, huduma huwa haba zaidi. Kanuni hiyo hunukuliwa mara nyingi, na kwa kawaida waandaaji wa semina huishia hapo. Wawezeshaji wetu walikwenda mbele na kutueleza alichokifanya daktari huyo kijijini kwake. Aliichukua orodha ya watu wazima wote waliosajiliwa kwake, akawapima shinikizo la damu karibu wote, bila kungoja wajilete wenyewe kwa malalamiko ya kuumwa. Orodha ilimwonyesha nani bado hajapimwa, na hao ndio waliokuwa kazi yake inayofuata. Tulipewa zoezi la kutengeneza orodha ya namna hiyo kwa ajili ya mtaa wa kubuni: tunapata wapi majina kwa njia halali, tunailinda vipi siri ya mtu, nani anafaa kumwendea yule aliyekataa mara ya kwanza, na tutajuaje kwamba aliyeondoka kwenye orodha amehudumiwa, hakuhama tu. Ninaamini zoezi hilo peke yake linatosha kuhalalisha muda wa warsha nzima. Naomba msomaji alikumbuke, kwa kuwa nitalirejea nitakapofika kwenye siku ya afya.

Sehemu nyingine iliyonivutia ilihusu uchunguzi wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Watu hao wote walikuwa na ajira, hakuna aliyekuwa fukara, na wote waliishi katika nchi ambayo matibabu hayalipiwi papo kwa papo. Hata hivyo, vifo vitokanavyo na ugonjwa wa moyo katika daraja la chini kabisa vilikuwa takribani mara tatu ya vile vya daraja la juu kabisa, na kila ngazi ya katikati ilikuwa na hali mbaya kuliko iliyo juu yake. Uvutaji wa sigara na mambo mengine ya aina hiyo yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mmoja wa washiriki, muuguzi mzoefu, alipinga kwa nguvu akisema kwamba katika kazi yake tatizo ni umaskini mtupu, wala si ngazi za vyeo. Mwezeshaji hakumnyamazisha wala hakumpa jibu la kitabuni. Aliugawa ubao mara mbili, akatutaka tuorodheshe ni yapi yatokanayo na kukosa vitu na ni yapi yatokanayo na kukosa mamlaka juu ya kazi na maisha ya mtu mwenyewe. Mjadala ulirefuka kupita muda uliopangwa, na sikuona aliyelalamika.

Kwa upande wa stadi za kazi, igizo dhima lilitumika kwa ustadi. Mshiriki mmoja alikuwa mpokeaji wa wagonjwa, mwingine mgonjwa asiyesikia vizuri, na wa tatu ndugu aliyemsindikiza, ambaye ndiye aliyekuwa akisemeshwa muda wote kana kwamba mgonjwa hayupo. Baada ya hapo tulifundishwa mbinu rahisi ya kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachokwenda kufanya nyumbani, ili makosa ya maelezo yaonekane kuwa ya mtoa huduma aliyeeleza vibaya, na mgonjwa asijihisi mjinga. Mada hii iliunganishwa na wazo lililoandikwa mwaka 1998 na Melanie Tervalon na Jann Murray-García, kwamba mhudumu hawezi kuhitimu utamaduni wa watu wengine kama anavyohitimu somo la darasani. Anachoweza ni kujizoeza unyenyekevu wa kuuliza, kujichunguza na kukubali kurekebishwa katika maisha yake yote ya kazi. Ninakubaliana na wazo hilo, ingawa warsha ililiharibu kidogo kwa kutugawia baadaye kitini chenye vichwa vya habari vya namna ya “jinsi ya kuhudumia kundi fulani”, ambacho kilikuwa kinafanya kile hasa tulichokuwa tumeonywa tusikifanye. Kitini hicho kiondolewe.

Kuhusu ushirikishwaji wa jamii, tulitumia ngazi ya Sherry Arnstein ya mwaka 1969, yenye hatua nane kuanzia hila ya kuwatumia wananchi kama pambo hadi wananchi kushika mamlaka wenyewe. Baada ya maelezo, mshiriki mmoja aliuliza warsha yenyewe imesimama kwenye hatua ya ngapi. Palikuwa na kicheko, kisha ukimya, kisha mwezeshaji mkuu akakubali kwamba mada zilipangwa kabla ya washiriki kujulikana, na kwa hiyo sisi tulikuwa tumefikia hatua ya kuarifiwa, au kwa kusukuma sana, ya kushauriwa. Alituruhusu tuipange upya mada moja ya siku iliyobaki, na tukaibadilisha mada ya sera, iliyokuwa mfululizo wa slaidi zisizo na mwisho, ikawa kazi ya vikundi. Ninaona ni alama nzuri kwa huduma yoyote ya mafunzo pale inapoweza kupimwa kwa kipimo inachokifundisha, na ikakubali matokeo bila kununa.

Kasoro ya warsha iko katika waliokuwa ndani ya chumba. Palikuwa na wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, walimu, viongozi wa dini na vijana wa vikundi vya kujitolea. Mtu mmoja alitumia kiti mwendo, na chumba kilikuwa kimeandaliwa ipasavyo kwa ajili yake. Lakini warsha ilifanyika siku za kazi, tangu asubuhi hadi jioni, na waandaaji walirejesha nauli pekee. Mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa hupoteza nauli pamoja na ujira wa siku, na hasara hiyo ya pili haikufidiwa. Wanaolea watoto wadogo hawakuwekewa mahali pa kuwaacha. Matokeo yake ni kwamba tulijadili kwa kina maisha ya watu ambao hawakuwa na njia ya kuja kujisemea. Dawa yake inajulikana: vipindi vya jioni au vya mwisho wa wiki, fidia ya ujira kwa wanaostahili, na mlezi wa watoto mahali pa mafunzo. Gharama ya mambo hayo ingeweza kutoka kwenye fungu lililonunua mikoba na fulana zenye nembo, ambazo sioni zilimponya nani.

Sasa nije kwenye siku ya afya. Mazuri yake ni ya kweli na hayafai kupuuzwa. Eneo lilichaguliwa karibu na kituo cha usafiri wa umma. Njia zilikuwa na mteremko wa kupitisha viti mwendo, mkalimani wa lugha ya alama alikuwapo jukwaani na pia kwenye mahema ya upimaji, palikuwa na kona tulivu kwa wasiovumilia kelele, na hema la ushauri wa wanawake lilifungwa pande zote kwa faragha. Matangazo yalisambazwa kwa sauti na kwa picha, si kwa maandishi peke yake. Haya ni mambo ambayo wahitimu wa warsha walisisitiza yawepo, na kwa hiyo mafunzo yalizaa matunda yaliyoonekana kwa macho.

Tatizo ni kile kilichokuwa kinafanyika ndani ya mahema. Usajili ulitangulia kwa fomu ya intaneti, na waliojisajili mapema walipewa namba za mbele. Waliofika bila usajili, ambao kwa kuwatazama tu walikuwa wazee zaidi na wamechoka zaidi, walisubiri hadi mwisho, na baadhi waliondoka kabla ya zamu yao. Ile orodha ya Tudor Hart iliyotupa shauku darasani haikuonekana. Hakuna aliyejua ni kaya zipi zilikusudiwa kufikiwa, hivyo hakuna ambaye angeweza kujua ni zipi zilizokosa. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba lengo lilikuwa kuwafikia “wote”, na katika shughuli za namna hii neno hilo kwa kawaida humaanisha wale walio karibu na walio tayari.

Kibaya zaidi ni kilichofuata baada ya kipimo. Shinikizo la damu lilipimwa mara moja, katikati ya muziki na msongamano, na waliopata namba za juu walipewa kikaratasi kinachowashauri waende hospitali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba shinikizo la juu la damu huthibitishwa pale kipimo kinapofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Kipimo kimoja cha uwanjani ni dokezo tu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya watu wazima wenye tatizo hilo duniani hawajui kuwa wanalo, kwa hiyo dokezo lina thamani. Lakini mwaka 1968 Wilson na Jungner, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika hilo hilo, waliweka kanuni kumi za uchunguzi wa magonjwa kwa watu wasio na dalili, na miongoni mwake ni kwamba pawepo tiba inayokubalika kwa watakaogundulika na pawepo vituo vya kuthibitisha na kutibu. Kikaratasi kisicho na jina la kituo, tarehe ya miadi wala namba ya mtu wa kumpigia hakitimizi sharti hilo. Mwenye bima na daktari wake atakipeleka kikaratasi kesho yake. Asiye navyo atarudi nyumbani na hofu mpya isiyo na dawa, na hapo tukio litakuwa limempa mwenye nacho huduma na asiye nacho wasiwasi.

Wapo watakaosema kwamba ninadai makubwa mno kwa tukio la siku moja. Huenda, ila basi tukio la siku moja lisitangazwe kuwa ndilo jibu. Tunayo mifano ya shughuli za jamii zilizofanyiwa majaribio ya kisayansi zikaonyesha matokeo, na inafaa kuitazama ili kujua zilitofautiana nayo wapi. Mwaka 2018 Ronald Victor na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika maduka 52 ya vinyozi ya Los Angeles, Marekani, likihusisha wanaume weusi 319 wenye shinikizo la juu la damu. Katika kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja wake kuonana na mfamasia aliyekuja pale pale kinyozini, akampima na kumwandikia dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja. Katika kundi la pili, kinyozi alihimiza tu mtindo bora wa maisha na kumwona daktari. Baada ya miezi 6, kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa wastani wa milimita 27.0 za zebaki katika kundi la kwanza, na milimita 9.3 katika la pili. Tofauti hiyo inasema mengi kuhusu kikaratasi chetu. Kuhimizwa na mtu unayemwamini kulisaidia. Kuhimizwa kukiambatana na tiba iliyokufuata mahali ulipo, na iliyorudi tena na tena, kulisaidia kwa kiwango kisicholinganishika.

Mfano wa pili unatoka wilaya ya Makwanpur, Nepal, ambako vikundi vya wanawake vilikutana kila mwezi chini ya mwezeshaji wa kike wa eneo hilo, ambaye hakuwa mtaalamu wa tiba. Walijadili matatizo ya uzazi na watoto wachanga, wakachagua wenyewe la kuanza nalo, wakabuni mbinu zao na kuzitathmini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga 26.2 kwa kila vizazi hai 1,000 katika maeneo yenye vikundi, dhidi ya 36.9 katika maeneo yasiyo navyo. Majaribio mengine yalifuata katika nchi nyingine, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi njia hiyo, hasa mahali penye shida ya kufikia huduma. Hapakuwa na jukwaa, vipaza sauti wala fulana. Palikuwa na watu wale wale kukutana mahali pale pale kwa muda mrefu, wakiwa na mamlaka ya kuamua ajenda. Asasi hii inao wahitimu wa warsha wenye uwezo kamili wa kuendesha vikundi vya namna hiyo, na ninashangaa kwamba nguvu yao inamalizwa kwa kupanga viti na mahema.

Kipo kipindi kimoja cha siku ya afya ambacho ningekiokoa hata kama mengine yote yangefutwa, nacho ni mdahalo wa wananchi na viongozi wa huduma za afya wa eneo. Maswali hayakuchujwa kabla. Mama mmoja aliuliza kwa nini kliniki ya wajawazito hufunguliwa saa ambazo wafanyakazi wa viwandani wako kazini. Mzee mmoja akauliza kwa nini dawa zake hutolewa za wiki mbili ilhali ugonjwa wake ni wa maisha yote. Kila ahadi iliyotolewa iliandikwa kwenye bango kitita pamoja na cheo cha aliyeahidi na tarehe ya utekelezaji, na bango likapigwa picha na washiriki. Niliona viongozi wakipima maneno yao pale walipogundua kwamba yanaandikwa. Kipindi hiki kiligusa visababishi vyenyewe, yaani saa za kazi, umbali na utaratibu wa dawa, wakati mahema yaligusa matokeo tu. Cha kusikitisha, kilipewa muda mfupi wa mwisho wa siku, baada ya hotuba za wageni waalikwa kula muda wa kila kitu kingine.

Kuhusu namna asasi inavyojitathmini, nilipewa dodoso la kuridhika, jaribio la kabla na baada ya warsha, na baadaye taarifa fupi ya idadi ya waliohudhuria siku ya afya. Katika mgawanyo wa ngazi nne za tathmini ya mafunzo ambao Donald Kirkpatrick aliueleza mwaka 1959, hayo yanafika ngazi ya pili tu: mshiriki alifurahi, na mshiriki alijifunza. Ngazi ya tatu, kama anatenda tofauti kazini, na ya nne, kama kuna matokeo kwa watu anaowahudumia, hazikuguswa. Sidai utafiti mkubwa. Simu moja kwa mhitimu baada ya miezi michache, na simu nyingine kwa kila aliyepewa kikaratasi ili kujua kama alifika kituoni na kilichompata huko, zingeipa asasi habari ambazo idadi ya wahudhuriaji haitazitoa kamwe. Taarifa ya waliohudhuria pia haikutenganishwa kwa jinsia, umri, ulemavu wala makazi, na kwa asasi iliyotufundisha siku ya kwanza kutouamini wastani, hilo ni jambo la aibu kidogo.

Huduma baada ya mafunzo ni ya wastani mzuri. Cheti hutolewa bila usumbufu, kundi la mawasiliano la wahitimu liko hai na husimamiwa na mwezeshaji anayejibu maswali ya kitaalamu, na vitini vilivyorekebishwa hutumwa kwa wahitimu wa zamani pia. Majibu ya asasi kwa malalamiko yangu kuhusu usajili na vikaratasi yalikuwa ya heshima, ingawa hayakuwa na ahadi yoyote yenye tarehe. Natamani wangeyaandika kwenye bango kitita.

Kwa anayefikiria kujiunga, ushauri wangu unategemea anachokitafuta. Mhudumu wa afya ya jamii, muuguzi, mwalimu au kiongozi wa kikundi atafaidika sana na warsha, na hana haja ya kuwa na elimu ya juu ili kuifuata. Mtaalamu aliyekwisha kusoma afya ya umma atayaona mambo mengi ya nadharia kuwa anayajua, lakini zoezi la orodha na igizo dhima bado yatamsaidia. Anayetaka kupimwa afya yake asitegemee siku ya afya. Aende kituo ambacho kitamwona tena. Na mwananchi mwenye swali kwa viongozi wake aje kwenye mdahalo, akae mbele, ahakikishe jibu limeandikwa. Moduli za intaneti si sharti la kuingia warshani ingawa tangazo linaonyesha hivyo. Nilithibitishiwa kwamba asiye na intaneti hupewa vitini vilivyochapishwa akiomba. Vilevile sehemu hizi huchukuliwa moja moja, na cheti cha warsha hakitegemei kujitolea kwenye siku ya afya, kwa hiyo mwenye muda mchache anaweza kuchagua warsha peke yake bila kupoteza chochote cha maana.